Mwaka wa Kwanza, Bila Asali

Mama mkwe wangu alifika kwetu Kibuli, Kampala, siku ya tatu baada ya mimi kujifungua. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka nyumbani kwao West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na alipoingia mlangoni alikuwa amekumbatia dumu la lita tano lililojaa asali. Kondakta alikuwa ametaka kuliweka chini ya basi pamoja na magunia ya mihogo mikavu, naye akakataa katakata. "Nikamwambia, hii itapanda na mimi," alisema. Akalishusha polepole kando ya sigiri, jiko letu la makaa, akanawa mikono na uso, ndipo akanyoosha mikono kumpokea mjukuu wake.

Hatukuwa tunajuana sana. Mimi ni Mwacholi, mtoto wa askari, Mkatoliki. Mume wangu ni polisi, mtoto wa polisi, Mwislamu kama mama yake. Tulipooana mama huyu hakupinga, lakini hakusema neno la kuunga mkono pia. Alikuja harusini, akala, akaswali, akarudi kwao. Baada ya ile vita ya 1986 iliyowaondoa askari wa kaskazini madarakani, watu wa kaskazini tuliobaki Kampala tulizoea kupunguza sauti. Lugha zetu tulizisemea ndani ya nyumba. Mimi na yeye hatukuwa na lugha ya nyumbani ya pamoja, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kile cha kambi za askari na polisi ambacho hakijisumbui sana na ngeli. Kilitutosha. Hata leo nikimkumbuka, namsikia katika Kiswahili hicho.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili chini kidogo ya msikiti, mahali ambapo adhana ya alfajiri ilituamsha bila kuhitaji saa. Mimi nilikuwa muuguzi katika wodi ya watoto ya hospitali moja mjini, na nilikuwa likizo ya uzazi. Mama alishika kazi za jikoni siku hiyohiyo. Alikoroga uji wa ulezi mzito, akautia ndimu na vijiko viwili vya asali, akaniletea kitandani katika kikombe kikubwa cha bati. Ile asali ilikuwa nyeusi, karibu rangi ya chai ya rangi, na ilikuwa na harufu ya moshi na maua ya porini. Kaka yake ndiye aliyeirina, kutoka kwenye mizinga ya magogo aliyoitundika kwenye miti nyuma ya shamba lake la ufuta. Nilikunywa uji ule mpaka tone la mwisho. Nilifikiri, kumbe tutaelewana na mama huyu.

Siku ya saba ilikuwa siku ya kumpa mtoto jina. Shehe alikuwa aje saa nne. Asubuhi, mume wangu alipokuwa akipanga viti nje, mama aliingia chumbani na kibakuli kidogo. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani na alinukia sabuni. Alikaa kitandani karibu nami, akachovya kidole kwenye kibakuli, akakipeleka kwenye mdomo wa mtoto.

Nilimgeuza mtoto haraka, nikamlaza begani. Tone la asali lilidondoka kwenye shuka.

Mama alibaki na kidole chake hewani. "Unaogopa kidole yangu? Nimenawa na sabuni."

"Si kidole, Mama. Ni asali. Mtoto mchanga hapewi asali."

"Nani amesema?"

Nilimweleza kama tulivyofundishwa. Kwamba ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa, huweza kuwamo mbegu ya kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukishinda bila hata kujua. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja haliwezi. Kikiota humo hutoa sumu. Mtoto hukosa choo, hulegea, hushindwa kunyonya, na mwisho hushindwa hata kupumua.

"Na nikiichemsha?"

"Hata ukiichemsha. Moto wa jikoni hauiui hiyo mbegu."

Alikiweka kibakuli kitandani. "Wewe umeona mutoto namna hiyo? Kwa macho yako?"

Sikutaka kudanganya. "Hapana, Mama. Nimefundishwa tu."

"Basi. Mimi nimezaa saba, na wote niliwaonjesha asali kwa hii kidole. Mama yangu pia alifanya hivyo, na mama yake." Akainuka, akachukua kibakuli chake, akatoka.

Mume wangu alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia yote. Nilimwangalia nikitegemea aseme kitu. Akasema, "Nyinyi wawili mnajua mambo ya watoto kuliko mimi," akarudi kwenye viti vyake. Mwanaume anayefukuza wezi kwa miguu mpaka Old Kampala, lakini mama yake na mke wake waliposhindana alikuwa na viti vya kupanga.

Shehe alikuja, dua ikasomwa, mtoto akapata jina, watu wakala wali na nyama ya mbuzi. Mama aliwahudumia wageni vizuri sana. Mimi hakuniangalia.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa nzito. Uji uliendelea kuja, ila haukuwa na asali, na mama aliuweka juu ya stuli karibu na mlango kisha akaondoka. Alifua nepi, akapika, akafagia uwanja, lakini mtoto hakumbeba. Akilia, aliniita kutoka nje: "Mutoto analia." Mimi nilijifunika shuka nikalia kidogo nami. Nilijua nilichosema ni kweli. Hata hivyo nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wangu wa kwanza alikuwa na siku kumi, na mwanamke aliyejua kila kitu kuhusu kumwogesha, kumkanda na kumnyamazisha alikuwa nyuma ya ukuta, hasemi nami.

Siku ya kumi na moja alitoka baada ya swala ya adhuhuri bila kusema anakwenda wapi. Alirudi jua likiwa limeshuka upande wa pili wa kilima. Alivua viatu, akaingia chumbani, akakaa sakafuni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele. Alionekana amechoka.

"Nilienda kuuliza," alisema.

"Kuuliza nini, Mama?"

"Ile maneno yako."

Alikuwa amemtafuta mkunga mmoja mstaafu, mwanamke wa kwao waliyekaa naye kambini miaka ya zamani, ambaye sasa aliishi upande wa chini wa kilima. Walikuwa hawajaonana tangu kabla ya vita. Walikunywa chai, wakaulizana nani yuko wapi na nani hayuko tena, ndipo mama akamuuliza habari ya asali.

"Akasema hivyo hivyo kama wewe. Mpaka mwaka moja iishe." Akafuta vumbi kwenye kifundo cha mguu kwa kidole gumba. "Halafu nikamuuliza kitu ingine."

Nilimgeukia.

"Wale saba, nilibaki na watano. Moja alikuwa surua, huyo najua. Lakini ile ya tatu ilikuwa msichana. Alikuwa na miezi mbili. Alikuwa mnono, anacheka. Akaanza kukosa choo. Halafu kilio yake ikawa ndogo, ndogo, kama ya paka. Halafu shingo ikalegea. Nikimwekea titi, anaangalia tu." Aliongea polepole, bila kutoa chozi. "Na mimi nilikuwa nampa asali kila siku, ili apate nguvu."

Mtoto wangu alikuwa amelala kati yetu. Wodini tulizoea kuwaambia wazazi maneno ya kutuliza, na nilikuwa nayo mengi, lakini hakuna hata moja lililokuwa la kweli vya kutosha.

"Mkunga alisema nini?" niliuliza.

"Alisema mtu hawezi kujua sasa. Kuna homa mingi inaweza kulegeza mutoto."

"Ni kweli, Mama. Nimeona watoto waliolegea kwa malaria, wengine kwa vijidudu kuingia kwenye damu. Mimi sijui, na hakuna mtu atakayejua. Ila wewe hukumpa kitu kibaya ukijua."

"Nilimpa kitu nzuri zaidi niliyokuwa nayo," alisema.

"Ndiyo, Mama. Ndivyo ulivyofanya."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Baadaye mtoto aliamka na kuanza kulia, na mama akamchukua kabla yangu, akamweka kifuani, akamkanda mgongo kwa kiganja. Alipotulia, akasema bila kuniangalia, "Ulikuwa na haki ya kukataa. Lakini siku ile ulimgeuza mutoto kama mimi ni mwizi."

"Nisamehe, Mama. Niliogopa."

"Naelewa. Na mimi niliogopa, ndiyo maana nilikasirika." Akanirudishia mtoto, akaenda jikoni. Uji wa jioni hiyo ulikuwa na asali vijiko vitatu, tena alikaa akaningoja nimalize ndipo akachukua kikombe.

Alikuwa amekuja kwa siku arobaini. Alikaa miaka minne. Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, naye akabaki kuiendesha nyumba. Lile dumu lilipokwisha, kaka yake alituma jingine, na mengine baada yake, na mimi ambaye nilikulia kwenye chai ya sukari nilijifunza kupika upya.

Asubuhi alikaanga ufuta kwenye sufuria kavu mpaka uanze kurukaruka, akautwanga nusunusu, akaumiminia asali ya moto na kuufinyanga vitonge ukiwa bado unaunguza vidole. Mume wangu alivipeleka kazini mfukoni, vimefungwa kwenye karatasi, akasema vilimtosha kusimama barabarani mpaka mchana. Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda tulivichovya kwenye asali iliyochanganywa na karanga za kusaga. Nyama ya mbuzi aliiloweka kwenye asali, ukwaju, vitunguu saumu na chumvi tangu asubuhi. Lakini katika kuichoma alikuwa na utaratibu wake: kwanza moto mdogo, asali ya mwisho anaipaka nyama ikikaribia kuiva, kwa sababu ukiipaka mapema inaungua na kuwa chungu wakati ndani bado mbichi. Mandazi ya asali yalikuwa meusi kidogo kuliko ya sukari na yalikaa laini mpaka kesho yake. Mara ya kwanza nilipoyapika mimi niliweka asali kama ninavyoweka sukari, unga ukawa majimaji. Alicheka mpaka akakaa chini. "Asali ni maji pia," alisema. "Ukiweka asali, punguza maziwa."

Msimu wa mvua, asali iliganda ndani ya dumu ikawa na chembechembe. Mpangaji mmoja akanong'ona kwamba tumechanganya sukari. Mama hakubishana. Alitia kiasi kwenye chupa, akaisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, akaiweka dirishani ambapo kila aliyekwenda bombani alipita. Mpaka mchana ilikuwa imeyeyuka, nyeusi na inang'aa kama mwanzo. Yule mpangaji aliomba kijiko cha kuonja, akapewa.

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa mama mmoja Mkongomani, mfanyabiashara wa vitenge aliyekimbia Bukavu na watoto wake wawili. Alikuwa akiimba kwaya kanisani kwake, sauti ya pili, na kila Jumamosi alikuja kwetu kabla ya mazoezi. Mama alimchemshia tangawizi, akaikamulia ndimu, akaiacha ipoe kidogo kabla ya kutia asali. Walikaa kwenye mkeka uwanjani, Mwislamu wa West Nile na Mprotestanti wa Kivu, kila mmoja akikisahihisha Kiswahili cha mwenzake ingawa hakuna aliyekuwa na haki hiyo. "Si tangawizi inaponyesha sauti," yule jirani alisema, "ni kukaa pa mama huyu."

Habari zilienea uwanjani kwamba asali yetu hutuliza kikohozi, na wanawake wakaanza kuja na vikombe. Mama aliwapa, lakini kabla ya kufungua dumu aliuliza swali moja: "Mgonjwa ana miaka mingapi?" Ikiwa ni mtoto wa miezi, alifunika dumu. Hakukuwa na kumbembeleza. Mama mmoja kijana alimwambia kwamba yeye mwenyewe alipewa asali na bibi yake tangu azaliwe, na yuko hai. Mama mkwe wangu akamjibu kwa upole, "Na mimi nilisema hivyo," akampeleka hospitali mwenyewe na mtoto wake mgongoni. Niliwakuta kwenye benchi la wodi yetu nilipotoka chakula cha mchana. Mtoto alikuwa na nimonia. Alilazwa siku tano akapona. Tangu hapo wenzangu wa wodini wakawa wananiuliza mama yule atakuja lini tena.

Kuna siku niliungua mkono. Nilifunua sufuria ya matoke bila kufikiri, na mvuke ukanichoma kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Mama alikuja mbio na asali. Nilimzuia: "Maji kwanza."

"Asali inatoa moto."

"Maji ndiyo yanatoa moto, Mama. Asali baadaye."

Tulisimama bombani, yeye ameshika mkono wangu chini ya maji, akiuliza kila baada ya muda mfupi kama bado. Nilimwambia tuhesabu dakika ishirini. Alisoma sura ya Yasini yote taratibu, na alipomaliza akasema dakika zako zimekwisha. Ndipo akapaka asali kwenye kitambaa safi nilichokipiga pasi, tukafunga. Kila siku tulibadilisha kitambaa. Ngozi ilirudi bila kovu, ila kipande kidogo karibu na kifundo ambacho ni cheupe mpaka leo. Kazini tulitumia vitu vingine, na sikumwambia daktari. Miaka baadaye nilisikia wauguzi wakifundishwa habari za asali kwenye vidonda, nikatabasamu peke yangu nyuma ya darasa.

Mtoto alipotimiza mwaka na mwezi, tulimpa ncha ya kijiko. Mama alisubiri ule mwezi wa ziada kwa hiari yake. Tulikaa sote watatu tukimtazama, hata baba yake alikubali kuchelewa kwenda kazini. Mtoto alionja, akakunja uso, akaitema kwenye gauni la bibi yake. Mume wangu alicheka. Mama alijifuta na kusema labda huyu ni wa chumvi. Na ni kweli, mpaka leo huyo kijana huweka chumvi hata kwenye embe.

Mwaka wa tatu mama alianza kuwa na kiu isiyoisha, na miguu kumwaka moto. Nilimpeleka kupimwa; sukari ilikuwa juu. Alipokea dawa, akaacha sukari kwenye chai siku hiyohiyo bila kulalamika. Wiki mbili baadaye sukari haikuwa imeshuka. Nilimkuta jikoni akijimiminia asali kwenye chai, vijiko vinne.

"Mama, na hii?"

"Hii si sukari. Hii ni dawa."

Nilikaa karibu naye. Safari hii sikuwa na haraka, wala sikuwa na woga. "Ni dawa ya kikohozi, na ni dawa ya kidonda. Lakini ndani ya damu inapanda kama sukari."

"Umeona kwa macho yako, au umefundishwa?"

"Nimeona, Mama. Na wewe utaona." Nilikuwa nimeazima kipimo kazini. Tulipima asubuhi kabla hajala, tukapima tena baada ya chai yake ya asali. Alitazama ile namba, akataka nimsomee mara mbili.

"Sasa nitakula nini mimi?" aliuliza.

Tulipanga pamoja. Uji wa ulezi usio na kitu, ila ndimu. Mboga zaidi, ufuta bila vitonge, maharage, samaki. Kutembea mpaka Wandegeya, karibu na chuo kikuu, na kurudi mara mbili kwa wiki, jambo alilolipenda kwa sababu wanafunzi wa chuo walimsalimu njiani na yeye akapata watu wapya wa kuwauliza umri. Asali, nusu kijiko cha chai, Jumamosi tu. Sukari ilishuka polepole, miguu ikapoa.

Hiyo Jumamosi yake aliitunza. Asubuhi aliswali, akachemsha viazi vitamu, akatandika mkeka uwanjani kabla ya jirani kuja. Alichota nusu kijiko, akakikwangua kwa kisu juu ili kisizidi, akakipaka kwenye kiazi kimoja tu, kutoka ncha mpaka ncha, kwa uangalifu wa mtu anayepaka ukuta rangi. Kisha akakila bila kuongea na mtu. Mimi nilikaa kando yake nikimenya vyangu. Mtoto alikuwa akikimbiza kuku wa mpangaji, mume wangu alikuwa anapiga buti zake rangi kwenye ngazi, na jua la Kibuli lilikuwa bado halijawa kali.